Bei ya Tundu

Kemirembe alikuja mikono mitupu.
Nilitarajia katalogi, kitu cha kunyooshea kidole
niseme: hii, na ile, funga.
Akazunguka sebule yangu ya Muyenga mara mbili,
akagusa ukuta, akauliza jua huingilia wapi,
akauliza nani hukaa hapa saa za alasiri.
"Nataka kitu kiendane na makochi," nikasema.
"Basi mwite fundi wa makochi,"
na chai yake hakuimaliza.

Mke wangu Mastulah alicheka hadi jikoni.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja:
kumi kwa mia ya kila nitakachonunua,
na mwaka wa kwanza sinunui.
Mimi! Miaka ishirini na saba Nakivubo nauza mabati,
sijapata kumlipa mtu anizuie kununua.

Alinipa daftari. Kila Jumamosi ananipitisha:
gereji ya Bukoto inukayo tapentaini,
chumba cha Ntinda ambamo kijana mmoja
hufuma nyaya za simu zilizokufa,
kisha Kikoni, kwa mwanamke achoraye visigino tu,
visigino vya wachuuzi,
vimepasuka kama shamba la Januari.
"Andika ulichokiona, si ulichokipenda,"
ananisahihisha kama mwalimu wa darasa la tatu,
mimi mwenye malori manne.

Mwezi wa tano nilimsaliti.
Hotelini nikanunua faru, rangi ya mafuta, fremu ya dhahabu.
Hakunikemea.
Alimtazama faru, faru akamtazama.
"Kwa huyu sikudai kumi kwa mia," akasema.
"Ni wako peke yako."
Tangu siku ile faru akaanza kunichosha.

Namuwongo, ng'ambo ya reli, mvua imeanuka tu,
tukaingia kwa Ojara.
Ukutani bati. Moja, kuukuu, geji thelathini,
kutu imeguguna ukingo kama panya na mkate.
"Milioni tisa," akasema Ojara.
Nikacheka. "Kijana, jipya nakuuzia elfu arobaini
na misumari nakuongeza."
Ojara hakucheka. Kemirembe alizitazama kucha zake.
Mshauri mzuri, nimejifunza,
hujua pa kunyamaza kwa ada ileile.

Kisha Ojara akazima taa ya chumba,
akawasha nyingine nyuma ya bati.

Saba hapa, mawili pale, moja kubwa karibu na ukingo,
na mkono wangu, wallahi, ukajua:
hapa sufuria, hapa beseni la bluu,
hapa kikombe cha jeshi cha baba,
hapa godoro lisogezwe, mtoto asilowe.
Kambi ya Magamaga, mama na tochi mdomoni
anapanga vyombo bila kuangalia juu.
Halikuwa bati letu. Ojara alilitoa Gulu,
kwenye nyumba ya shangazi yake.
Lakini mvua ni ile.

"Bei ya bati unaijua," akanong'ona Kemirembe.
"Ya tundu je?"

Nilipatana, ndiyo, mimi ni mchuuzi,
nikamshusha hadi nane na nusu, kisha nikaona haya,
nikarudisha laki tano kwa kisingizio cha usafiri.
Mwaka ulikuwa haujaisha, zilibaki wiki sita.
Kemirembe alikunja mkataba,
akasema kalenda yake hukimbia.

Mastulah amekataa kutu juu ya kapeti lake.
Kwa hiyo liko dukani, nyuma ya kaunta,
na wateja huuliza kama ndiyo sampuli
ya mabati ya jirani.
Mpagazi wetu, Odongkara, huja saa ya chakula
akaliangalia huku akitafuna muhogo.
Jana aliniuliza kwa nini hatukuliziba.

Daftarini, penye "sababu ya kununua",
bado pako wazi.
Mawingu yamekaa juu ya Nakasero,
na foleni ya wanunuzi wa mabati
imefika hadi mlangoni.