Inchi Mbili

Ndahani, bosi ameandika "uzembe."
Neno moja, kalamu ya bluu, muhuri juu yake.
Hakuandika kwamba asubuhi ile ya Agosti
upepo wa Iyumbu ulikuwa unainua mabati ya jirani,
wala kwamba mwenye nyumba alikuwa amemwagilia maua
akatuambia ngazi isiguse rangi mpya.

Tukaisimika kwenye udongo.
Futi ishirini, ya kuazima,
raba ya mguu wa kushoto imekwisha siku nyingi,
tumeifunga kipande cha tairi.
Wewe juu, paneli begani, spana mdomoni
kama mtu aliyekatazwa kusema.
Mimi chini. Nilishika.

Halafu simu.
Nilitoa mkono mmoja, Ndahani. Mmoja tu.
Alikuwa yeye, bosi:
"Bado hamjamaliza? Kisasa kuna nyumba tatu zinawasubiri."

Wanasema tembo alizama hapa,
mji mzima ukapata jina kwa tope lile.
Mguu wa ngazi ulizama inchi mbili.
Kwa inchi mbili hakuna mji unaopewa jina.

Hukupiga kelele.
Kelele ilikuwa ya spana kwenye marumaru ya kibaraza.
Paneli haikuvunjika;
mwenye nyumba aliipangusa vumbi kwanza.

Tukakulaza kwenye kirikuu, juu ya maboksi ya betri.
Pale Jenero nesi akaulizia fomu ya polisi,
nikakimbia kuifuata na kofia yako ya sufi mkononi,
maana helmeti ilikuwa moja, na anaivaa msimamizi.

Sasa uko Nkuhungu, chali.
Foibe amekuwekea zabibu kwenye sahani ya bati,
unakula mojamoja, unavitazama vidole vya miguu
kama wageni waliokaa bila kusalimia.
Juu yako bati lina tundu, jua linapita.
"Sola ya bure," ukasema, ukacheka,
hadi mgongo ukakukataza.

Sikucheka. Karatasi ninayo mfukoni.
Penye "shahidi" wameniachia mstari nisaini,
na kalamu wamenipa, ya bluu ileile.

Kesho Kisasa. Kijana mpya, Chilewa,
hajawahi kupanda zaidi ya mti wa zambarau.
Simu nitaiacha kwa Foibe.
Na kabla hajakanyaga kipago cha kwanza
nitapiga magoti mbele ya mwenye nyumba, ashangae akipenda,
nichomeke kidole ardhini,
nione kinazama mpaka wapi.