Ampea Tano

Ngazi themanini na nane, Nazih,
umezipanda kila tarehe mosi miaka kumi na mmoja,
na ukifika mlangoni kwangu unahema
kama mtu aliyetumwa kuleta tanzia.
Ni bili tu. Kaa. Kahawa iko jikoni.

Daftari langu unalijua, la jalada la bluu
lililolowa mafuta ya cherehani.
Ukurasa wa kwanza: ampea tano, bei ya kuvumilika.
Ukurasa wa kumi: ampea tano, bei imeota pembe.
Wa thelathini sikuandika tarakimu,
nilichora mdomo ulioachama.

Ampea tano!
Ukiwasha pasi, friji inazima.
Ukiwasha friji, cherehani inakohoa.
Mwanangu Vahe aliogea maji baridi Januari nzima
ili nimalize mikoba arubaini ya harusi ya watu.
Na umeme wa serikali ulikuja kama mdeni,
saa nane usiku, kwa kunyata,
nikaamka kufua.

Sikukuchukia wewe. Jenereta si yako,
nawe unalipwa kwa kupanda ngazi.
Nilichukia ule moshi:
naanika shuka nyeupe, naanua shuka zenye wanja.

Nikauza gari la marehemu.
Lilikuwa limekaa uani miaka mitatu, paka wakizalia chini yake.
Likawa paneli sita, inverta moja,
na betri ya lithiamu yenye ukubwa wa sanduku la safari.

Paa ndilo lililotugombanisha.
Bibi Manushak wa ghorofa ya tano akasema
jua la Burji Hamudi ni la pilipili zake,
alizianika pale kabla mimi sijaolewa.
Tukaligawa jua kama mirathi:
kusini paneli, magharibi pilipili,
na ole wa atakayesogeza sinia.

Usicheke. Ulikuwa ukizipokea chupa zake kila mwaka.

Lakini wahenga hawakukosea,
usiache mbachao kwa msala upitao,
ndiyo maana waya wako niliuacha ukutani msimu mzima wa baridi.
Akiba haiozi, wanasema.
Hii haiozi, ila inavuja ukiitazama:
themanini, sitini na mbili, arubaini.
Nimejifunza kuishi kama mwenye ghala dogo.
Pasi ni saa tano asubuhi. Kufua ni saa saba.
Usiku taa moja, friji, na simu ya Vahe,
ambayo nadhani ndiyo inayokula kuliko friji.

Kisha ikaja ile mvua ya siku nne.
Saa tatu usiku betri ikasoma kumi na moja.
Nilisimama mbele ya swichi yako, Nazih,
kidole kikiwa juu yake,
nikiwa na vifuniko kumi na viwili vya matandiko mezani.
Nilikaa nikashona kwa mkono mpaka macho yakaniuma.
Nilijiita mjinga, kwa Kiarmenia na kwa Kiarabu.
Siku ya tano paa likakauka,
na namba ikaanza kupanda ngazi kama wewe,
polepole, ikihema.

Bado sijarudisha bei ya gari.
Imebaki miezi saba, au tisa, mawingu ndiyo yanajua.
Ila mwezi uliopita nilinunua nyuzi kwa katoni,
si kwa kigae kimoja kimoja,
na Vahe anaoga kama mtoto wa mfalme.

Basi leo ukate waya.
Niandikie stakabadhi ya mwisho,
uniambie kwa tajiri wako sina deni.

Na huo mkoba wako wa kukusanyia,
zipu imekufa tangu Pasaka, noti zinachungulia nje.
Uache hapa.
Uje kesho saa sita mchana,
betri ikiwa imejaa pomoni
na umeme unanimwagikia paani sina pa kuuweka.
Saa hiyo cherehani yangu haigharimu kitu,
nitakushonea bure.

Kunywa basi, kahawa inapoa.