Mbandika Sura

Kazi yangu ni kubandika wakubwa.
Si kazi ndogo: pua ya mheshimiwa
peke yake ni karatasi nzima,
na jino la mwimbaji hunifika kiunoni.
Nzioka hushika kamba, mimi hupanda na ndoo ya gundi,
na kukicha, pale mzunguko wa Nyayo,
Nairobi hukuta inachekewa na mtu mpya.

Huniuliza: umewahi kuwaona wenyewe?
Nimewaona kuliko mama zao.
Najua nani kapunguzwa tumbo kwa kompyuta,
nani kaazimwa shingo.
Nabii wa Pipeline, yule aponyaye vipofu,
alituma mtu usiku nimfute miwani kwa rangi.

Chini ya nabii yuko mgombea,
chini ya mgombea bibi wa sabuni,
chini ya sabuni mchekeshaji, jina limenitoka,
na alikuwa akitembea Westlands na walinzi wanne:
wawili wa kumlinda, wawili wa kumtambua.

Mvua ya Aprili ilipovuta ncha za karatasi
tabaka zikaingiliana:
kidevu cha mgombea, midomo ya bibi wa sabuni,
jicho la nabii likichungulia bila miwani.
Mama mmoja muuza njugu akasimama, akatazama,
akasema, huyu sasa ana sura ya mtu.

Lakini usinione mwerevu.
Mwezi uliopita kamba ilikwama,
nikaning'inia saa moja na nusu
kama kitunguu kibandani,
na mtu akapiga picha.
Siku tatu, ndugu zangu! Siku tatu
nilikuwa Buibui wa Nyayo.
Kariokor nikakatiwa mbavu za bure.
Nikanunua miwani ya jua Gikomba,
nikaivaa hata msalani.
Nikaitikia salamu zisizokuwa zangu.
Nikamwambia mke wangu, "Sisi watu wa umma..."
Nasipwondi akauliza kama huo umma
utanunua tokeni za stima.

Siku ya nne, kule Umoja,
mbuzi akapanda paa la benki.
Basi.
Nikapita Kariokor polepole,
nikakohoa, nikageuza shavu
upande ule uliotoka kwenye picha.
Mchoma nyama akanitazama vizuri.
"Wewe ni wa kilo ngapi?"
Nikasema robo.

Ngoma ivumayo sana hupasuka, najua,
lakini nani hununua ngoma ili inyamaze?

Kesho nambandika yule mbuzi.
Kampuni ya mabati imemkodi mwaka mzima,
ana meneja, na meneja ana meneja.
Nzioka anasema pembe tu
zitakula karatasi mbili.
Nimekoroga gundi nzito, maana sina kinyongo.
Ila pale pembeni, chini kushoto, karibu na kwato,
nitaandika jina langu kwa penseli.
Herufi ndogo.
Haya, si ndogo sana.