Kinywe

Ndewario akirudi Ngarenaro Jumamosi
humjui ila kwa weupe wa macho.
Nguo zake nafua mimi, maji matatu,
na bado beseni ni jeusi, linateleza,
kama mtu kasaga penseli za darasa zima.

Jana kaja na maneno ya yule mama wa jiolojia:
eti weusi huu ulikuwa tope.
Tope la chini ya bahari,
kabla samaki hajaumbwa;
vijidudu visivyo na jina
vikafa, vikalaliana, vikabanwa, vikapikwa,
hata nchi ikainuka navyo, kavu,
kule kwenye migunga.

Nikacheka. Bahari, Mererani?
Kunakonunuliwa maji kwa ndoo?

Mwaka wa sita huu
hajaleta jiwe la buluu hata punje ya mtama.
Ameleta hii tu, kila wiki, kwenye kola.

Leo nimelishika beseni mlangoni, nikakawia.
Mtaro wetu huingia Themi,
Themi Kikuletwa,
Kikuletwa Pangani, na Pangani
tunajua inakokwenda.

Haya, nikasema, nenda kwenu.
Nikamwaga.

Suruali bado.