Kutikisa Kikombe

Raya, muuguzi wa Samail, aliniambia:
"Bibi, jichome pembeni ya kidole;
katikati ndiko unakoegemeza sindano ya kofia."

Kweli. Miaka arobaini nashona kofia,
damu ilikuwa ikitoka bila kuulizwa.
Leo nimeiuliza. Kumi na nne, ikajibu.
Nikaandika daftarini.

Alasiri akaja Zuwena na sahani ya halua.
"Onja, au wanidharau?"
Nikaonja, kiasi cha ukucha.
Nikala tende moja, kokwa nikaitia mfukoni
nisije nikajidanganya hesabu.
Kahawa ya pili nikatikisa kikombe: basi.

Usiku navua kanzu, napapasa mfuko:
kokwa mbili.

Ya pili imeingia lini?
Nimewasha taa, nikavaa miwani.
Nayo nikaiandika.