Jino Moja

Changamwe, nyuma ya ghala la magunia,
saa mbili asubuhi na bati tayari lachoma.
Lori la Bi Nyevu limetiwa magogo magurudumuni,
Bedford lililonizidi umri,
lenye vumbi la mawe ya Mazeras hata ndani ya taa.

Nimelala chali chini ya dashibodi,
kichwa kwenye pedali, miguu nje ya mlango,
kama mtoto anayezaliwa akitanguliza nyayo.
Bolti nne zashika nguzo ya usukani.
Tatu zimetoka kwa kubembelezwa.
Ya nne imefunga ndoa na chumvi:
nimeinywesha dizeli, nimeigonga, nimeitukana,
nimeiomba radhi,
ndipo ikatoka na kilio cha paka.

Naivuta nguzo kuukuu. Imepinda kama kiwiko.
Hapo ndipo kifua cha dereva kilipotua
siku lori lilipougonga ukuta,
na kati ya lori na ukuta
alikuwako Mwandoro, utingo,
akifuta kioo cha taa, akipiga mluzi.

Dereva aliwasha tu. Hakujua gia imo ndani.
Lori lenye swichi nzima lingenyamaza.
Hili halikunyamaza.

Na sasa, kwa tochi niliyoibana menoni,
naona jambo ambalo hakuna aliyeniuliza:
waya mbili, nyekundu na nyeusi,
zimechunwa, zimesokotwa pamoja,
zimefungwa utepe wa buluu.
Utepe wa buluu, Changamwe nzima, ni mimi niutumiaye.
Miaka sita nyuma swichi ilikufa, mzigo una haraka,
nikasema, "Hii si kitu, mama, tuiruke."
Dakika tano. Shilingi mia mbili.
Nilizila viazi karai siku ile ile.
Mwiba wa kujidunga hauna pole,
sembuse uliomdunga mwingine.

Nguzo mpya si mpya.
Imetoka kwa Shee Mbwarali wa vyuma chakavu, Shimanzi,
katika lori lililokufa kifo chake lenyewe;
meno mazima, krosi haichezi.
Pale ufunguo unapoingia
pana mikwaruzo ya mtu aliyetafuta tundu gizani
usiku baada ya usiku. Simjui.
Namkaribisha kazini.

Kisha swichi: kidude cha ukubwa wa tende,
bado kimo ndani ya nailoni yake.
Bi Nyevu achungulia dirishani:
"Fundi, hicho nacho ni lazima? Shilingi ngapi?"
"Kimo kwenye bei ya nguzo," nasema,
na risiti yake naikunja mara nne,
naisukuma chini kabisa ya mfuko wa ovaroli.

Aliyekuja kujaribu ni Mwandoro mwenyewe.
Sikumwita. Alipanda kwa mguu wa kulia,
wa kushoto akauinua kwa mikono miwili
akauweka juu ya klachi, kama mzigo wa mtu.
Akatia gia ya kwanza. Akauachia mguu. Akanitazama.
Akazungusha ufunguo.

Kimya.

Kunguru juu ya ghala. Jirani achomelea geti.
Akazungusha tena, na tena,
mara saba nilihesabu, gia ikiwa ndani,
na mara saba lori likakataa
kama shahidi asiyehongeka.

Akatoa gia. Likawaka, likakohoa moshi mweusi,
vikombe vya kahawa vikatetemeka sinianI mwao.
"Huu utepe," akasema, sauti chini ya injini;
alikuwa ameokota kipande cha buluu
akikiviringisha kidoleni kama pete.
Hakumaliza.
Nami sikumsaidia kumaliza.

Likatoka. Hatua ishirini, likasimama.
Magurudumu yamenyooka, usukani waelekea Jomvu:
nimeukosea jino moja.
Nitaufungua tena. Spana ya ishirini na nne iko wapi?
Shuka, Mwandoro. Nishikie hapa.