Wati Mia Moja

Mashine iliyotoka Guangzhou imeandikwa BTU kwa saa.
Tanuri la mkate pale Lunga Lunga, la Mtaliano,
linadai kilokalori.
Bili ya umeme haijui yote hayo. Inataka kilowati,
na inazitaka kabla ya tarehe tano.

Mimi ndiye mkalimani wao.
Ochola aliyenifunza kazi hakuwa na subira na majedwali;
alinipigisha hesabu ya kichwa juu ya ngazi,
spana mkononi, hadi nikajitungia la kukumbukia:

    Elfu tatu mia nne, kumi na mbili ziada,
    ndiyo kilowati moja, usisahau ni ada.

Vina vya kati vilikataa. Hesabu ilikubali.
Miaka tisa haijanitia hasara,
ila mara moja, South B, nilipozisoma kilokalori
nikadhani ni BTU,
na nyama ya bucha nzima ikanuka kufikia Jumatatu.

Juzi niliitwa Luthuli, ghorofa ya tatu,
ukumbi wa mitihani ya kompyuta.
Gathogo, mwenye jengo, akauliza kama anayenunua nyanya:
"Sasa nichukue ya ngapi?"
Nikapima dirisha la magharibi. Nikagonga bati.
Nikahesabu taa, nikahesabu kompyuta, nikauliza, watu je?
"Arubaini. Lakini hao wanakaa tu, hawafanyi kitu."
Nikamwambia: mtu akikaa tu, asifanye kitu,
anatoa wati mia moja.
Arubaini ni kilowati nne. Zidisha:
elfu kumi na tatu, mia sita arubaini na nane.
Hiyo imepita tani ya baridi,
tani ya barafu ikiyeyuka mchana kutwa na usiku kucha,
ili tu watoto wa watu wasisinzie mbele ya maswali.
Akacheka. Kisha akawatazama wale vijana wawili wakifagia
kana kwamba kuna mtu ameacha jiko linawaka.

Nyumbani ni Kariobangi, chumba kimoja, Julai.
Julai ya hapa haigandishi maji, kwa hiyo hakuna anayeihesabu baridi.
Ni wingu limeketi, ni nguo zisizokauka,
ni ukuta wa mawe unaofyonza joto la mgongo wako polepole
kama mdai mwenye adabu.
Hita sijanunua. Hita ya kilowati moja inakula tokeni
kama mgeni asiyejua bei ya unga.
Nalala na soksi, nakokotoa:
tangu Machi chumba kimepungukiwa wati mia,
BTU mia tatu arubaini na moja kila saa,
kilokalori themanini na sita,
na kwa vipimo vyote vitatu jibu ni Bosibori,
dada yangu, aliyenipandishia miguu baridi kama vyura
na bado kitanda kikapata moto.

Anapiga saa nne usiku, kutoka Doha.
Nyumba ya tajiri wake ina mashine tano,
elfu kumi na nane kila moja;
sebuleni wanavaa sweta, nje lami inalainika.
Chumba chake kiko nyuma ya jikoni. Kina feni.
"Angalia ukutani," namwambia, "juu, karibu na dari,
hakuna tundu la kupitisha bomba?"
Anaangalia. Nasikia kitanda kikilia anapopanda.
"Hakuna."

Basi kuna fundi aliyeipima nyumba ile.
Alisimama mlangoni na kalamu sikioni kama mimi.
Alihesabu vioo. Alihesabu baba, mama, watoto watatu,
wageni wa Ijumaa, labda hata friji,
akajumlisha, akapiga mstari, akaenda kula.

Simu ikakatika, salio limeisha, lake au langu.
Nikatoa mkobani karatasi ya Luthuli,
nikaigeuza, nikaandika kwa biro:

    Watu: mmoja.
    Wati: mia.

Kuzidisha, sijui nizidishe kwa nini.